Kishikwambi Kisichozimika

Sogea hapa nikutege. Kafa kakodoa, mlinzi mlangoni asema yu mzima. Ni nini hicho?

Usiniambie samaki, samaki nani amlinde. Usiniambie taa; taa ikifa hufumba. Fikiri, sikuharakishi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Huo sitaki, watu wake wana nongwa. Huo nao una shemeji zangu. Haya, huu naupokea. Nilikwenda, nikakaa, nikala vya kwao, nikagundua umenipa zaidi ya mji: ni nchi nzima, ina bendera, ina wimbo, na ina Waziri wa Kusoma Bila Kuumiza Macho. Jina lake nalihifadhi. Jibu la kitendawili utalikuta njiani.

*

Nchi hiyo niliikuta imeacha karatasi. Haikuishiwa, iliacha, kama mtu anavyoacha pombe, kwa kiapo mbele ya watu. Chanzo ni hotuba. Mkuu wa Nchi alikuwa akihutubia sherehe, upepo ukampokonya ukurasa wa katikati, naye akaruka kutoka salamu hadi shukrani bila kujua, na watu wakapiga makofi palepale wanapopigia siku zote. Aibu ile ilihitaji mwenye kosa. Kesho yake karatasi ikatangazwa kuwa adui wa maendeleo. Madaftari yakachomwa kwa utaratibu, darasa la kwanza likitangulia kwa kuwa ndilo lenye michoro mingi. Wauza karanga wakarudi kwenye majani ya mgomba.

Karatasi ilipokwisha kuungua ndipo serikali ikauliza: sasa tutaandikia nini? Wenye akili zao walisema swali hilo lingefaa kutangulia, nao wakashukuriwa, wakapewa likizo.

Simu hazikufaa. Mwanga wake ulimchoma Mkuu wa Nchi machoni, na jicho la Mkuu likiuma, kipofu ni taifa. Ndipo ikaja habari ya kishikwambi cha wino: kioo kisichong'aa, kijivu kama gazeti, unakisoma hata juani, unaandika juu yake kwa kalamu kama unavyoandika daftarini. Likatolewa agizo kwamba nchi nzima itumie cha aina moja tu, ili taifa lisome kwa pamoja na limalize kwa pamoja. Na mpaka hicho kimoja kichaguliwe, ni marufuku kuandika jambo lolote mahali popote.

Basi watu wakasubiri. Waliozaliwa walisubiri kuandikwa. Waliooana walisubiri kutambuliwa, wengine wakagombana na kuachana kabla ya zamu yao. Mahabusu walisubiri hukumu. Hata waliokufa walisubiri, maana bila cheti cha kifo mtu alihesabika yu hai, na mtu aliye hai kumzika ni jinai.

*

Kuchagua kukakabidhiwa Kamati Kuu ya Taifa ya Kishikwambi Kimoja. Wajumbe wake walitakiwa wasiwe na upendeleo. Sasa, mtu aliyesoma kitabu hiki huenda akakipendelea kuliko kile. Ikaonekana salama wateuliwe wale tu ambao hawajasoma chochote tangu watoke shule. Walijitokeza wengi mno, ikabidi wapigiwe kura. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Dokta Dokta Balinago. Udaktari wa kwanza alitunukiwa na chuo kimoja cha mbali, na wa pili alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye kwa mkasi.

Katibu wa Kamati aliitwa Mfaume, na huyo alikuwa mtu wa maana kuliko wote, kwa sababu wakati ule kanuni za nchi zilikuwa zinakaa kichwani mwake. Karatasi haikuwapo. Kila lililoamuliwa alikaririshwa, akaapishwa asiongeze wala asipunguze. Kanuni ikishaingia kichwani mwa Mfaume haikuweza kurekebishwa, maana marekebisho, kwa mujibu wa sheria, lazima yawe kwa maandishi.

Wauzaji wakaleta vishikwambi vitatu: kimoja cha rangi, kimoja kidogo, kimoja kikubwa.

Walianza na cha rangi. Wakakiwekea bendera ya taifa, na kwa kuwa wino huu ni wa haya kidogo, nyekundu ya bendera ikatoka kama kanga iliyofuliwa sana. Waziri akauliza kishikwambi hicho ni cha chama gani. Muuzaji akasema hakina chama. Waziri akasema ndicho alichokuwa anakishuku. Kikaondolewa chini ya ulinzi, na ikaamuliwa kwamba taifa litasoma kwa weusi na weupe, ambao ukiutazama kwa mbali ni kijivu, na kijivu ndiyo rangi ya umoja.

Kikaja kidogo. Kilikuwa kizuri, chepesi, kinaenea kiganjani. Mjumbe mmoja akakitia mfukoni kukijaribu, na Kamati ikakitafuta hadi adhuhuri. Hapo Waziri akatoa hoja nzito: kinachofichika kitasomwa kwa kificho. Kidogo kikakataliwa, ingawa mpaka leo hakijarudi kwa muuzaji.

Kikabaki kikubwa, upana wake kama sinia ya kahawa, ambacho jirani yako anaweza kusoma unachosoma bila kukusumbua kwa kuuliza. Wakakipeleka juani, maana walisikia kwamba sifa yake ni kusomeka juani. Ili jua lisikidhuru, askari wawili wakakishikia mwavuli, na wajumbe wote wakakiri kwamba juani kinasomeka vizuri sana. Wakaijaribu na kalamu. Nyuma ya kalamu palikuwa na kifutio. Waziri akaikodolea macho ncha ile, akauliza raia mwema aliyeandika ukweli anataka kufuta nini. Kisu kikaletwa, kifutio kikakatwa.

Sasa likabaki jaribio la mwisho: chaji. Muuzaji alisema chaji ya kishikwambi cha wino hukaa wiki nyingi. Kamati ikacheka. Wanawajua wauzaji, simu zao zilizouzwa kwa maneno kama hayo huzima kabla ya alasiri. Wakamkaririsha Mfaume kanuni fupi. Msomaji ataingia chumbani na kishikwambi. Mlango utafungwa, usifunguliwe na yeyote, ili jaribio lisichafuliwe. Atapewa mtungi wa maji, chai ya asubuhi na chakula cha mchana cha siku moja. Na jaribio litakwisha kioo kitakapozimika.

Mfaume akafumba macho, akakariri, ikaingia.

*

Akatafutwa msomaji, kwa kuwa Kamati yenyewe isingeweza kusoma bila kupoteza sifa. Wote walioulizwa walimtaja mtu mmoja, Mwalimu Tindwa, mstaafu wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Huyu alisoma kila kitu: maelezo ya dawa, mgongo wa pakiti ya chumvi, mawe ya makaburini. Tangu karatasi ifutwe alikuwa amekonda kama mtu aliyeachishwa ugoro. Simu alijaribu, ikamtoa machozi. Alipoambiwa kwamba jaribio likiisha kishikwambi kitakuwa chake, akakubali kabla mjumbe hajamaliza sentensi.

Alikuwa na mke, Siwema. Mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu, ndugu zake pia walikwisha kuzoea hivyo, na jina la Siwema lilibaki mdomoni mwa mumewe peke yake. Asubuhi ile alimfungia maandazi, akamtania kwamba anakwenda kuoa kioo uzeeni, na kwamba mke mwenza huyo asimlete nyumbani kama hajui kuosha vyombo.

"Siwema, kioo hiki hakiumizi macho," Mwalimu akasema, akitafuta kofia yake.

"Hata mimi siumizi macho," akajibu Siwema, "na leo hujanisoma."

Mwalimu alicheka mpaka langoni pa wizara. Hapo akapokewa na askari wa zamu, Afande Chitemo, aliyemsalimu kwa heshima na kumnyang'anya maandazi. Mafuta yangeharibu jaribio la kalamu.

Chumba kilikuwa kidogo, kina taa moja ya darini, hakina dirisha, kwa sababu dirisha huleta mawazo. Kuta na mlango vilivikwa magodoro ili kelele za nje zisimsumbue msomaji, na kwa sababu hiyohiyo za ndani hazikuweza kutoka. Kishikwambi kiliegeshwa juu ya meza, kikatazama mlango. Kiti cha msomaji kiliegemezwa kwenye mlango wenyewe, na juu kidogo ya kichwa chake palitobolewa kidirisha cha kioo. Aliyechungulia kutoka nje aliona kishikwambi tu. Msomaji hakuonekana hata utosi. Mwanzoni fundi alitaka kuweka kidirisha mahali pa kumwona mtu pia, akakumbushwa kwamba kinachojaribiwa ni kishikwambi.

*

Vitabu vilivyotiwa mle kishikwambini vilikuwa hotuba za Mkuu wa Nchi, zote. Mwalimu Tindwa akasoma na kuandika pembeni mwa kurasa, kama alivyoagizwa. Katibu Mfaume akawa anakuja kidirishani, anasoma, anakariri, anakwenda kuitolea Kamati taarifa. Penye hotuba ya mvua Mwalimu aliandika: "Hili alilisema pia mwaka wa ukame." Kamati ikasifu unene wa herufi.

Jioni ikafika, kioo kiko vilevile. Waziri akauliza kama kimezimika. Hakijazimika. Wakaenda nyumbani.

Asubuhi kiko vilevile. Hapo mjumbe mmoja, mtu wa huruma, akasema chakula kilikuwa cha siku moja, na siku hiyo imekwisha. Mfaume akathibitisha. Ili kuongeza chakula ni lazima kurekebisha kanuni. Kurekebisha kanuni ni lazima kuandika. Kuandika kunahitaji kishikwambi kilichochaguliwa. Na kishikwambi hakichaguliwi kabla ya jaribio kwisha. Hoja hiyo ilizungushwa mezani na kila mjumbe aliisifia jinsi ilivyokaza, haina hata pa kupitisha sindano. Yule wa huruma akaomba radhi.

Siku zikawa zinakwenda. Mwalimu akaandika: "Maji yamekwisha." Mfaume akaripoti kwamba mstari haukukatika popote, kalamu haina kigugumizi.

Akaandika: "Fungueni mlango, tafadhali." Neno lile la mwisho liliwagusa wajumbe. Waziri alisema bidhaa hii inamfunza raia adabu, jambo ambalo daftari halikuwahi kufanya.

Akaandika "Jamani", neno moja, kutoka pembe hii ya ukurasa hadi pembe ile, juu ya maneno ya Mkuu wa Nchi. Ikaripotiwa kwamba kioo kinaruhusu kuandika mshazari.

Baadaye mwandiko ukawa mwembamba, ukitetemeka. Hilo liliwatia shaka kidogo, mpaka muuzaji alipoitwa na kueleza kwamba kalamu hii huhisi uzito wa mkono: ukibonyeza sana wino huwa mnene, ukibonyeza kidogo huwa kama unywele. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa mshangao. Wakaomba msomaji aendelee vivyo hivyo, ili sifa hiyo ionekane vizuri.

Ukurasa wa mwisho alioufungua ulikuwa wa hotuba ya mavuno. Pembeni yake, chini, kwa mwandiko kama unywele, palikuwa na maneno mawili: "Siwema, upo?"

Afande Chitemo aliyaona kila alipochungulia. Hakumjua Siwema. Alidhani labda ni mtu wa ndani ya hotuba.

*

Mke wa Mwalimu alikuwa akija langoni tangu asubuhi ya pili, na chupa ya uji. Chitemo alimzuia kwa upole. Alikuwa amelelewa na bibi na hakupenda kumsimamisha mwanamke mtu mzima juani, kwa hiyo alimletea kiti. Uji haukuingia. Kila siku Siwema aliuliza kama mumewe angali akisoma, na kila siku Chitemo alikwenda kidirishani, akarudi na kusema ukurasa uko wazi. Kilichoandikwa hakuruhusiwa kukitaja. Mfaume alikuwa amemwapisha: maandishi yote ni mali ya jaribio.

Siku moja Siwema hakuuliza swali la kila siku.

"Afande, mwanangu, huo ukurasa ulio wazi, ni uleule wa jana?"

"Siruhusiwi kusema umeandikwa nini, Mama Mwalimu."

"Sikukuuliza umeandikwa nini."

Chitemo akatazama buti zake. "Ni uleule."

"Na wa juzi?"

"Ni uleule, mama."

Siwema akaifunga chupa ya uji, akaikaza. Mtu yule, akasema, hata akiwa na homa ya kuweweseka alikuwa anageuza ukurasa. Kisha akamwambia Chitemo ampishe apite kwa Waziri, na Chitemo, kwa kuwa kanuni ilikataza uji lakini haikumkataza mke, akampisha.

*

Alimkuta Waziri Balinago ukumbini na Kamati yake, wana furaha kubwa. Muuzaji ndiye aliyekuwa amesimama. Alikuja mwenyewe, hakuitwa, shati limemganda mgongoni, na alikuwa akijaribu kueleza jambo ambalo wajumbe hawakulielewa kama alivyolikusudia. Kioo cha wino, alisema, si kama kioo cha simu. Wino ukishapangwa hukaa. Chaji ikiisha kabisa, ukurasa wa mwisho hubaki palepale kama ulivyo, mwezi, mwaka. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, kioo hiki hakizimiki.

Waziri aliinuka, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wajumbe," akasema, "tangu mababu zetu washike kijiti wakachora mchangani, hayajapata kutokea maandishi yenye uzalendo wa namna hii. Chakula chake kimekatwa, lakini yenyewe yamebaki kazini. Hayalalamiki. Hayaombi posho. Wangekuwapo watumishi wa namna hii, nchi hii ingekuwa mbali."

Wakapiga makofi, na palepale, bila kupoteza muda, kikubwa kikatangazwa kuwa Kishikwambi Kimoja cha Taifa. Muuzaji hakupiga makofi. Alikuwa akitazama mlango, kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

Siwema akasubiri makofi yatulie. "Mheshimiwa, kama hakizimiki, mtajuaje kwamba jaribio limekwisha?"

Waziri alimsifu kwa swali zuri. Alisema hiyo ndiyo sababu Kamati inasubiri kwa uvumilivu mkubwa, na akamwomba naye avumilie.

"Na mtu aliyemo?"

Waziri akamgeukia Mfaume. Mfaume akafumba macho, akaipitia kanuni yote kimoyomoyo, midomo ikicheza, kutoka msomaji ataingia hadi kioo kitakapozimika. Akafumbua.

"Kwisha kwa mtu hakukutajwa," akasema.

Hapo ndipo lilipo jibu lako, mjukuu wangu. Kafa kakodoa, mlinzi mlangoni asema yu mzima: ni hicho kishikwambi. Wa kitini sikukutegea. Huyo sina kitendawili chake.

*

Mlango haukufunguliwa kwa ajili ya Siwema. Ulifunguliwa kwa ajili ya uzinduzi, maana Mkuu wa Nchi alitaka kuonyeshwa kishikwambi kisichozimika, na kishikwambi kilikuwa ndani. Mfaume alipata taabu kidogo na kanuni, kisha akaona kwamba imekataza kufungua mlango kwa ajili ya mtu kutoka, si kwa ajili ya chombo.

Mlango ulivutwa nje. Kiti kilikuwa kimeuegemea, kwa hiyo wa kwanza kutoka alikuwa Mwalimu Tindwa, kinyumenyume, pamoja na kiti chake. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Mfaume alimruka kwa adabu, akaingia kuchukua kishikwambi. Wajumbe wakakizunguka, wakakipangusa vumbi. Afande Chitemo peke yake ndiye aliyepiga magoti.

Waziri alipopelekewa habari aliuliza kama kioo kimezimika. Hakijazimika. Basi jaribio linaendelea, akasema, na msomaji angali msomaji. Mwalimu akalazwa kwenye chumba cha barafu cha hospitali kuu, akihesabiwa mtumishi aliye kazini.

Siwema akaenda kumdai. Hospitalini wakamwambia hawatoi mwili bila cheti cha kifo. Wizarani wakamwambia cheti hakiwezi kuandikwa, kwa kuwa hakuna pa kukiandikia mpaka kishikwambi kizinduliwe. Akaketi sakafuni mbele ya meza ya Mfaume, akasema haondoki. Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alimwahidi kwamba siku ya uzinduzi, hotuba zikiisha tu, kishikwambi kitatiwa chaji, na neno la kwanza litakaloandikwa juu yake katika historia ya nchi litakuwa cheti cha mumewe. Akampa na pongezi. Alimkariri kichwani kama Mjane wa Jaribio, kisha akajisahihisha akasema Mke wa Jaribio, maana ujane nao ulihitaji cheti. Jina hakumuuliza.

Siwema akanunua sanda. Sanda hapo mahali huuzwa bila maswali.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Shule zilifungwa ili watoto waje kuona kitu watakachosomea shule zikifunguliwa. Watu walipangwa kwa mitaa, wakafundishwa mahali pa kupiga makofi. Siwema alikuwa nyuma ya kamba pamoja na mtaa wake, sanda iko chini ya kanga, kwapani. Afande Chitemo alipangiwa kamba hiyohiyo. Hakumwangalia usoni.

Kishikwambi kilikuwa jukwaani juu ya mto wa mahameli mwekundu, kimefunikwa kitambaa. Muuzaji hakuwapo, ilisemekana amesafiri. Waziri Balinago alihutubia mpaka vivuli vikahama. Alieleza jinsi Kamati ilivyojinyima, jinsi wajumbe walivyokaa kwenye viti vigumu, jinsi uvumilivu wao ulivyozaa matunda. Mwishoni akasema jambo ambalo Mfaume hakuwa amekaririshwa. Alisema ukurasa ule wa ajabu, uliobaki bila chaji, hautaguswa. Hautatiwa chaji wala kugeuzwa milele. Utajengewa jumba. Vishikwambi vingine vitaagizwa baadaye, Mungu akipenda.

Mfaume alishuka jukwaani upande wa nyuma, akapita kandokando ya kamba mpaka kwa Siwema, akamnong'oneza kwamba lile jambo lao limesogezwa mbele kidogo. Aliposema hivyo akarudi haraka alikotoka.

Siwema aliihamisha sanda kutoka kwapa hili hadi lile.

Jukwaani kitambaa kikaondolewa. Waziri akakiinua kishikwambi juu, akaeleza kwamba hata maneno yaliyobaki pembeni mwa hotuba ya Mkuu hayakubaki kwa bahati mbaya. Siwema ni nani? Kamati ilikaa na kutafakari, ikaona Siwema ni jina la wema, na wema ni taifa lenyewe. Ni taifa linaloulizwa kama lipo. Sasa yeye atauliza kwa niaba ya ukurasa, na wananchi wajibu kwa pamoja walivyofundishwa.

Akakisogeza kioo mbele ya macho yake, akasoma kwa sauti ya mtu anayeongoza dua.

"Siwema, upo?"

Uwanja ukanguruma: tupo. Njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Waziri akaweka mkono sikioni, kama wafanyavyo, kwamba hajasikia, na watu wakanyamaza kusubiri aulize tena.

Chitemo alihisi kamba inavutwa. Alipogeuka alimwona Mama Mwalimu ameinama anataka kupita chini yake. Akanyoosha mkono kumzuia, maana ndiyo kazi yake.

"Nipishe, mwanangu," Siwema akamwambia. "Nimeitwa."

Chitemo alibaki ameushikilia mkono hewani. Mtu angeweza kuona neno lile likishuka ndani yake, polepole, siku zote za kidirishani zikirudi nalo. Kisha akavua kofia, na kwa mkono huohuo akaiinua kamba juu kabisa, ili asilazimike kuinama.

Siwema akavuka uwanja peke yake. Ulikuwa mpana na hakuwa na haraka. Askari wengine walidhani ni sehemu ya sherehe, wakampigia saluti. Akapanda ngazi. Waziri alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba wananchi wanajibia kwenye nafasi zao, na yeye akaendelea kuja, mpaka Waziri, asijue la kufanya na watu wote wale wanatazama, akakirudisha kishikwambi kwenye mto.

Siwema akainama juu yake. Hakisumbui macho, kweli. Mwandiko ulikuwa mwembamba, herufi ya mwisho imeteremka kama mtu aliyetaka kuketi. Akaitoa sanda, akaiweka juu ya mto, kando ya kioo, akaipapasa ilale vizuri.

"Nipo, Mwalimu," akasema.